Aliyeitika Maporomokoni

Mwaka jana nilipanda tena mpaka kwenye maporomoko ya kwetu, juu ya Oldeani, nikiwa na viatu vya kuazima na magoti ya mwanamke aliyekula chapati nyingi kuliko haki yake. Nilikwenda na rafiki yangu wa utotoni, ambaye sasa ni mama wa watu huko Moshi, na njia nzima tulicheka kama wasichana wa darasa la tatu. Tulipofika kwenye mti ulioinama, pale ambapo zamani ungeanza kusikia ngurumo, tukanyamaza sote wawili bila kuambiana. Tukasikiliza. Ngurumo haikuwapo.

Ngoja nikurudishe kwanza enzi za ngurumo, ndipo utaelewa kwa nini tulinyamaza. Na utaniwia radhi, sitakutajia jina la mtu. Majina nayakumbuka yote, mpaka ya mbwa. Ila habari za kule sijui kuzisimulia kwa majina, na sababu yake ndiyo habari yenyewe.

Nililelewa na bibi, mzaa mama, kwenye kijiji kilichobanwa kati ya mashamba ya kahawa na msitu wa Ngorongoro. Miaka ya tisini hiyo. Barabara ya kwetu ilikuwa inatikisa meno mpaka ukishuka garini unayahesabu upya. Asubuhi za mwezi wa saba baridi ilikuwa inaingia ndani ya nyumba na kukaa jikoni kama mgeni, na bibi alituamsha kwa harufu ya moshi na makande aliyoyalaza jikoni tangu jana yake. Alituwekea maziwa mgando juu, yale ya kwenye kibuyu yenye harufu ya mkaa. Nimekula hoteli za kitalii tangu hapo, nimepika humo pia, na sijaona kitu cha kuyafikia yale makande. Labda kwa kuwa pale hotelini hakuna anayekuambia ukimaliza kula chukua kidumu twende maporomokoni.

Kijito cha chini kilikuwa kinachafuliwa na ng'ombe wakati wa kiangazi, kwa hiyo maji ya kunywa tuliyafuata juu, kwenye chemchemi iliyotoka kwenye jiwe pembeni mwa maporomoko. Marefu yale, rafiki yangu. Ningekuapia wakati ule kwamba tone likianza kudondoka kule juu asubuhi, linafika chini watu wameshakula mchana. Maji yalishuka meupe katikati ya majani mabichi, yakapiga dimbwi jeusi ambalo hakuna aliyejua mwisho wake, na upepo wake ulikuwa unakulowanisha kabla hujayaona. Jirani yetu mmoja alidai aliwahi kusimama pale na mkate, ukageuka uji mkononi mwake. Huyo alikuwa mwongo kunizidi hata mimi.

Sasa, pale maporomokoni jina la mtu halikuitwa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na haikuandikwa popote. Akina mama ambao kijijini waliitana Mama Fulani na Mama Fulani, wakivuka ule mti ulioinama walianza kuitana wifi, shemeji, jirani, wewe wa kitenge cha kuku. Bibi yangu alikuwa Mkristo wa benchi la mbele, akiimba sauti ya pili kwa nguvu za kwaya nzima, lakini sheria ile hakuivunja hata siku moja. Nilimuuliza sababu. Akasema, "Pale pana masikio." Nikamuuliza masikio ya nani. Nikapewa maharage nichambue.

Badala ya majina tulikuwa na madumu. Kila nyumba ilikuwa na mlio wake wa kugonga: sisi tuligonga mbili za haraka na moja ya kuchelewa, jirani wa juu aligonga kama mtu anayebisha hodi kwa hasira. Kabla ya kuteremka, bibi alisimama kwenye njia akagonga la kwake, na kila mmoja akajibu kwa la kwake, hata kama yuko nyuma ya kichaka anatafuta kuni. Bibi alisikiliza huku amefumba macho. Akisikia nyumba zote, anasema, "Haya, twendeni," nasi tunashuka kabla tembo hawajaja kulamba udongo wao wa chumvi. Kwa namna ile hakuna aliyewahi kupotea.

Mpaka alipopotea binti wa dukani.

Mama yake alikuwa amekuja kutoka Kilimanjaro na kufungua duka pale njiapanda, duka la kwanza kijijini lenye mizani isiyobishaniwa. Alikuwa mjane, mwanamke mwenye mwili na sauti, na mtoto wake alikuwa huyo mmoja tu. Alimwita kwa jina kutwa nzima. Ungepita barabarani ungesikia: fulani njoo, fulani vaa sweta, fulani umekula mtori wako? Na yule mtoto anaitika kutoka uani, "Abee mama," kwa sauti nyembamba inayopanda mwishoni kama anauliza swali. Kijiji kizima tuliijua ile abee. Sisi watoto tuliiga mpaka tukachapwa.

Alikuwa rafiki yangu wa damu. Maji hakuwa na haja ya kuchota, maana mama yake alinunua ya mkokoteni, lakini Jumamosi ile ya mwezi wa saba alitaka kuyaona maporomoko niliyomsifia mpaka nikayafikisha mawinguni. Mama yake akamruhusu. Akapanda nasi akiwa na biskuti mfukoni na mikono mitupu. Hakuna hata mmoja kati ya wale watu wazima aliyefikiri kumpa kidumu. Mgeni hapewi mzigo.

Ukungu ulishuka mapema siku ile. Ulishuka kama mtu ameangusha blanketi, ukawa huoni mkono wako mwenyewe. Bibi akagonga. Nyumba zote zikajibu. Akasema haya twendeni. Tulikuwa tumeshafika kwenye mti ulioinama nilipopapasa pembeni yangu kumpa mwenzangu mkono, nikashika hewa.

Tulirudi sote. Akina mama waligonga madumu mpaka mengine yakapasuka. Waliita pia, lakini kwa namna ya kule: "Wewe mtoto! Mtoto wa watu!" Msichana mmoja mwenye mbio alitumwa dukani, na kabla jua halijazama mama yake alifika, amevaa aproni ya duka na kiatu mguu mmoja. Bibi akampokea kwa mikono miwili.

"Mama yangu, tunamtafuta, tutampata. Nakuomba kitu kimoja. Usimwite jina hapa."

"Nimwite nini? Mtoto wangu ni mbuzi nimpigie makopo?"

"Mwite mwanangu."

"Kila mtu hapa ni mwana wa mtu," akasema, akamsukuma bibi pembeni. Akaita jina.

Na akaitikiwa.

"Abee mama."

Ilitoka kwenye maporomoko yenyewe, nyuma ya maji, nyembamba, inapanda mwishoni. Mimi ni mtu wa kuongeza chumvi, watu wangu wote wanajua, mume wangu akinisikia nasimulia hupunguza nusu ndipo aamini. Hili usilipunguze. Tuliisikia sote. Mama wa duka alipiga yowe la furaha akaingia kwenye dimbwi na nguo zake, maji yakamfika kifuani, akiita tena na kuitikiwa tena, mbele kidogo, mbele kidogo. Bibi na jirani wa juu walimvuta kwa kamba za aproni. Aliwang'ata. Askari wa msitu waliosikia kelele walituondoa pale kwa lazima, maana tembo walikuwa tayari wanavunja matawi upande wa pili.

Asubuhi mtoto alipatikana. Mzima kabisa, upande mwingine wa mlima, mbali na maporomoko, kwenye banda la kumenyea kahawa la shamba kubwa. Mlinzi alimkuta amelala juu ya magunia matupu. Alisema aliingia ukunguni kuchuma matunda ya porini, akapotea, akashuka na korongo lisilo lake. Akaulizwa kama alisikia akiitwa.

"Nilisikia madumu," akasema. "Mbali sana. Hakuna aliyeniita."

Unadhani habari imeishia hapo kwa pilau. Pilau lililiwa kweli. Mchungaji aliomba, wimbo ukaimbwa. Lakini mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka karibu nao, nikamwona mama wa duka anavyomtazama mwanawe akila. Alikuwa anamkagua. Alimpandisha gauni akatafuta lile kovu la gotini aliloungua na chai. Kovu lilikuwepo. Akalisugua na kidole kama mtu anayeangalia noti kama ni halali.

Tangu siku ile hakumwita tena jina. Akawa anasema, "Wewe, njoo ule." "Wewe, funga mlango." Nasi tulipomwita yeye Mama Fulani kama ilivyo desturi, aligeuza uso, ikabidi kijiji kizima kianze kumwita Mama wa Duka. Alimlisha vizuri, alimvisha vizuri. Ila kila jioni alisimama mlangoni akiangalia juu msituni, na midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Alikuwa na hakika kuna mwanawe mwingine kule nyuma ya maji, ambaye alimwitikia, yeye mama akaburutwa akamwacha. Huyu aliyeletwa na mlinzi alikuwa nani, hakujua.

Mtoto naye akaanza kufifia. Shuleni mwalimu alipoita majina asubuhi, hakuitika. Alikuwa amekaa pembeni yangu, bega kwa bega, mwalimu anaita, yeye anatazama dirishani, na mwalimu anaandika hayupo. Siku moja mapumzikoni aliniinamishia kichwa.

"Hebu nigonge," akasema.

"Nikugonge nini?"

"Kama kidumu. Nisikie kama nipo."

Nikamgonga kwa kifundo cha kidole, mbili za haraka na moja ya kuchelewa, ya nyumbani kwetu. Akasikiliza. Akasema, "Upo wewe. Mimi sijasikia kitu."

Jioni ile nilimwambia bibi. Hakunipa maharage. Akachochea moto usiohitaji kuchochewa, kisha akasema mwenye kupaswa kwenda pale ni mama mtu, na yeye bibi hawezi kumvuta kwa kamba mara ya pili. Aje mwenyewe.

Alikuja mvua za Elnino zilipoanza, zile mvua zilizokuja kama mtu amesahau bomba wazi mbinguni. Alifika mchana, amelowa, akakataa kiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

"Sikai. Nataka kujua yupi ni wangu."

Bibi akavua kilemba, akakikung'uta, akakifunga tena. "Utakwenda palepale umwite jina. Huyu uliye naye atasimama karibu yako. Akiitika yeye, umempata, mnashuka hamgeuki."

"Na wakiitika wawili?"

"Wewe ndiye uliyezaa, mama. Mimi nitakuelekezaje sauti ya mtoto wako?"

Tulipanda wanne: bibi, mama wa duka, binti yake, nami niliyekataa kubaki hata nilipotishiwa fimbo. Maporomoko yalikuwa yamevimba. Yalikuwa mekundu ya udongo, yamebeba magogo, ardhi ilitetemeka mpaka unaisikia kwenye fizi. Mama wa duka alisimama anatazama maji. Mtoto alisimama nyuma yake, hatua chache, mikono imelegea. Hakuna aliyemshika.

Mama akafungua mdomo, akaufunga. Akafungua tena. Kisha jina likatoka, lile jina tulilokuwa hatujalisikia tangu kiangazi, likapasuka katikati kama kitu kilichokaa muda mrefu bila kutumika.

Kimya. Yaani ngurumo, lakini ndani yake kimya. Nilimtazama rafiki yangu. Alikuwa ameinua uso kama mtu anayejaribu kukumbuka. Mama alianza kusogea mbele, mguu wa kwanza ukaingia majini, na nikaona bibi ameshakunja mkono kumshika, naye akaita mara ya pili, akilia sasa, macho yote kwenye maji.

"Abee mama."

Ilitoka nyuma yake. Ilipigwa kwa nguvu kiasi kwamba mishipa ya shingo ilimsimama yule mtoto, na ilipanda mwishoni. Mama aligeuka. Sijawahi kuona mtu akigeuka vile, kama anavunjika. Alimwangukia mwanawe wakaenda chini wote kwenye matope, na pale kwenye matope alimwita jina tena na tena, na mtoto anaitika tena na tena, abee mama, abee mama, mpaka ikawa kama wanacheka.

Na hapo, walipopumua, ikaja nyingine. Ya taratibu, kutoka nyuma ya maji, imechelewa. Abee mama.

Nilimtazama bibi. Bibi alikuwa ananitazama mimi. Akaweka kidole mdomoni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya, twendeni. Hamgeuki."

Wale wawili walitangulia wameshikana kiuno. Kule nyuma bibi alinishika mkono kwa nguvu, na ndipo aliponijibu swali la siku zote, bila mimi kuuliza. Alisema yule hana ubaya. Ni mtoto tu. Wa nani, wa lini, hakuna anayekumbuka, hata bibi wa bibi yangu hakukumbuka. Hajaitwa siku nyingi, kwa hiyo akisikia mama anaita mtoto, jina lolote, anadhani ni yeye, anaitika. "Ndiyo maana hatuiti pale," akasema. "Si kwa kuogopa. Utamwita mwenzio, na yule ataanza kungoja upya."

Duka lilirudia kelele zake. Fulani njoo, fulani vaa sweta. Mwaka mmoja baadaye walihamia Moshi, na mimi nikabaki, nikakua, nikaolewa Karatu mjini, nikapika hotelini mchana na kusoma masomo ya jioni mpaka nikafanya mtihani wa kidato cha nne na tumbo la miezi minane. Mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha mwangwi kwa ustadi mkubwa. Nikanyoosha mkono nikauliza kama mwangwi unaweza kuitika abee. Akasema, "Kaa chini, mama, upumzike." Darasa zima lilicheka, na mimi nikacheka zaidi yao.

Basi mwaka jana ndipo tukapanda, mimi na yeye. Siku hizi kuna njia iliyofyekwa na kijana wa kutembeza wageni, amevaa kofia nzuri. Mabomba meusi yanashuka kando ya njia, manene kama paja. Maporomoko yamebaki uzi. Unaweza kusimama chini yake ukazungumza kama uko sebuleni, na dimbwi lililokuwa halina mwisho, mwisho wake unaonekana: changarawe na chupa ya soda. Yule kijana akawaambia wageni waite majina yao, wasikie jiwe linavyorudisha. Wakaita, mmoja mmoja, wakacheka, wakapigana picha.

Walipoondoka rafiki yangu alisogea ukingoni. Akaita jina lake mwenyewe, kwa sauti ya mama yake, aliyetangulia mbele za haki miaka michache nyuma. Jiwe likalirudisha jina. Tukasubiri. Maji yakadondoka. Tukasubiri tena mpaka kijana akatukoholea.

Tukiteremka aliniuliza, bila kunitazama, "Siku ile ya mvua, ulisikia ile ya mwisho?"

"Niliisikia."

"Mimi pia. Miaka yote nilidhani ni wewe, unanisaidia kuitika."

Tulishuka tumeshikana mikono kama wasichana. Bibi hayupo tena, makande yake hayapo, madumu ya kugonga yameisha, na wanawake wa kule sasa wanaitana majina popote watakapo. Hayo nimeyazoea kuyakosa. Lakini nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba na yule anaweza kuondoka, na sijui wa kumpa pole ni nani.

Maji ya maporomoko yale ndiyo yanayokuja mtaani kwetu Karatu kwa bomba, siku za zamu. Jioni, nikitaka kumwita mwanangu kutoka anakochezea aje ale, huwa nafunga bomba la uani kwanza. Mume wangu anafikiri ni ubahili wa maji, nami nimemwacha afikiri hivyo. Ila zipo jioni, baridi ikishuka na ukungu ukigusa mabati, naliacha likitiririka kwenye ndoo. Simwiti mwanangu jina. Nasema tu, kwa sauti, "Mtoto, njoo nyumbani," na nasimama pale mkono kwenye koki, ndoo imejaa, inamwagika miguuni, nasubiri kidogo.